Injini ya ndege ilizimwa na nini? Ulizeni hilo kwanza

Kwa Mhariri,

Ndege ndogo ikianguka Pwani, habari huandikwa kwa maneno yale yale kila mara: rubani aliripoti hitilafu ya injini, ndege ikaanguka, uchunguzi unaendelea. Siku tatu baadaye habari imekwisha, na msomaji amebaki na picha ya mtambo uliojifia wenyewe angani kama balbu iliyoungua. Sisi tunaozifungua na kuzifunga injini hizi hapa Port Reitz, penye uwanja wa ndege wa Mombasa, twaomba nafasi ya kufafanua hayo maneno "hitilafu ya injini", maana yanafunika mengi. Injini ya pistoni iliyotunzwa haizimi hivi hivi. Ikizima, mara nyingi imenyimwa kitu: petroli, hewa au oili. Na Mombasa, kwa joto lake, unyevu wake na chumvi yake, ina njia zake yenyewe za kuinyima.

Tunazungumzia ndege za injini moja ya pistoni, za watu wanne hadi sita: Cessna 172, Cessna 206, Piper Cherokee na jamaa zao. Cessna Caravan inayopeleka watalii mbugani ni mnyama mwingine. Injini yake ni ya turbini, hunywa mafuta ya jeti, na mengi ya hapa hayaihusu.

Tuanze na barafu. Msomaji atacheka na kusema barafu ya Mombasa ni ile ya wauza samaki. Lakini kabureta, chombo kinachochanganya hewa na petroli, ina koo jembamba ambamo hewa hupita kwa kasi na petroli hunyunyizwa. Hewa ikibanwa na kukimbizwa, hupoa. Petroli nayo ikigeuka mvuke hufyonza joto. Vyote viwili kwa pamoja vyaweza kushusha halijoto ndani ya koo lile kwa nyuzi 20, 30 na hata zaidi. Sasa chukua asubuhi ya Julai, kusi inavuma, nje ni nyuzi 24 na unyevu umepita asilimia 80. Toa 30. Unyevu ule unaganda juu ya kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, na koo linaanza kuzibika kama mrija wa friji, huku rubani juu akifuta jasho.

Hatari kubwa haiko wakati wa kupaa, ambapo kipepeo kimefunguka chote. Iko wakati wa kushuka, rubani amepunguza nguvu, kipepeo kimebaki upenyo mdogo, na barafu kidogo tu yatosha kuuziba. Kwa ndege yenye rafadha (pangaboi la mbele) isiyobadilika pembe, dalili ya kwanza ni mshale wa mizunguko ya injini kuteremka polepole pasipo mtu kugusa kitu. Rubani asiyejua husukuma throto, kijiti cha kuongeza nguvu, kidogo, mshale ukarudi mahali pake, akaendelea na mazungumzo. Dakika mbili baadaye anasukuma tena. Mara ya tatu injini inatetemeka.

Dawa iko mbele yake: kijiti cha hewa moto, ambacho huelekeza kwenye kabureta hewa iliyopita kando ya bomba la moshi. Hapa ndipo wengi hukosea. Kijiti kikivutwa, mizunguko hushuka zaidi, kwa sababu hewa moto ni nyepesi. Kisha barafu inayeyuka na kumezwa na injini ikiwa maji, nayo injini inakohoa na kutikisika kuliko mwanzo. Rubani mgeni hushtuka, akakirudisha kijiti ndani. Amekatiza dawa katikati. Kinavutwa chote, si nusu, na kuachwa hapo hadi mizunguko ipande yenyewe. Tena kinavutwa kabla ya kupunguza nguvu za kushukia, kwa kuwa joto lake latoka kwenye moshi, na injini iliyokwisha kuzima haina moshi wa kuazima.

Wachunguzi wakifika baada ya saa mbili hawaoni kitu. Petroli ipo, plagi ni safi, kabureta ni kavu. Kwa jua letu ushahidi ulishayeyuka kabla ya umati kufika. Ndiyo maana twawaomba waandishi wachukue joto na unyevu wa saa ile ile ya ajali, na waulize aina ya injini. Injini ya kampuni ya Lycoming iliyoandikwa O-320 ina kabureta. Iliyoandikwa IO-360 hunyunyiziwa petroli kwenye mlango wa kila silinda, na haipatwi na maradhi haya ya kabureta. Herufi hiyo moja ya mbele yaweza kuondoa nusu ya uvumi.

Maji kwenye petroli ni la pili, nalo laanza usiku. Tangi likilazwa nusu, nafasi iliyobaki hujaa hewa yenye unyevu. Usiku ukipoa, hewa ile hutoa jasho kwenye kuta za tangi. Wakati wa masika huongezeka mvua inayopenya kwenye mpira uliochakaa wa kifuniko juu ya bawa. Lita moja ya petroli ya ndege ina uzito wa takriban kilo 0.72 na ya maji ni kilo 1, kwa hiyo maji hutulia chini kabisa, pale pale bomba la kwenda kwenye injini linapochotea.

Kinga yake haihitaji chuo kikuu. Jaza matangi jioni, si asubuhi. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuitikisa ndege, kinga kikombe cha plastiki angavu kwenye koki ndogo iliyo chini ya kila bawa, halafu kwenye chujio karibu na injini. Cessna 172 za zamani zina koki chache; 172S zina 13, tano kila bawa na tatu chini ya pua, na zote ni za kukingwa, si zile mbili zisizochafua mikono. Rudia kila baada ya kujaza. Inua kikombe kwenye mwanga. Petroli ya ndege ya 100LL ina rangi ya samawati. Tone la maji hukaa chini yake likiwa duara, linabingirika kama jicho la samaki.

Mtego uko hapa: kikombe kikijaa maji matupu hakina tone wala mpaka wowote, ni kisafi kuliko vyote, na fundi mwenye haraka hukimwaga akasema salama. Asitafute usafi, atafute rangi. Weka karatasi nyeupe nyuma yake. Hakuna samawati? Nusa, kinga tena, kinga hadi ije.

Rangi hiyo hiyo hukuonya kama mhudumu amekosea lori. Mafuta ya jeti hayana samawati. Yakichanganyika na petroli rangi inafifia. Dondosha tone kwenye karatasi: petroli tupu hukauka isiache kitu, ya jeti huacha doa la mafuta kama la mfuko wa viazi karai. Injini ya pistoni iliyojazwa mafuta ya jeti yaweza kuwaka na kutembea hadi mwisho wa njia kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, ikapaa, kisha silinda zikaanza kupiga na kuungua ndege ikiwa bado chini sana. Kwa hiyo mwenye ndege asimame pale lori linapojaza, asome maandishi ya lori kwa macho yake. Kusaini risiti ofisini hakutoshi.

Halafu kuna ile aibu ambayo hakuna anayependa kuitaja, petroli kuisha. Cessna 172N yenye matangi ya kawaida hubeba galoni 43 za Marekani, karibu lita 163. Kati ya hizo galoni 3, kama lita 11, hazifiki kwenye injini hata ufanyeje. Ikila lita 30 kwa saa, akiba ya nusu saa ni lita 15 tu. Mshale wa geji hucheza kwa lita zaidi ya hizo bawa likiinama. Kijiti cha kupimia kikitumbukizwa tangini husema kweli, mradi ni cha ndege hiyo hiyo na hakikuazimwa kwa jirani.

Wakati mwingine petroli ipo tele na bado haiji. Chini ya bawa la kushoto la 172 kuna kipua kinachoingiza hewa tangini kadiri petroli inavyotoka. Nyigu wajengao kwa udongo hukipenda mno. Ndege ikilala siku chache nje ya banda, kipua kimezibwa. Petroli inatoka, hewa haiingii, mvutano unajengeka tangini, na mtiririko unakonda hadi kukatika. Kukiangalia ni kazi ya sekunde tatu, ila ni lazima mtu apige magoti.

Kwa wanaoteremka kutoka Nairobi kuna jambo la pekee. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya bahari, na wetu ni karibu mita 60. Kule juu hewa ni nyepesi, hivyo rubani hupunguza petroli kwa kijiti chekundu cha mchanganyiko, na ni sahihi. Akiteremka Voi, akapita Mariakani, hewa inazidi kuwa nzito, na petroli ile ile aliyoipima juu sasa ni haba. Asipokisukuma kijiti ndani hatua kwa hatua, injini huanza kukwama, na anapofungua throto akiona njia ya kutulia iko mbele, inaweza kuzima. Vipuri vyote vizima, ila petroli ni ya Nairobi na hewa ni ya Mombasa.

Sasa kutu, ambayo kwetu ndiyo inayotia uchungu kuliko yote. Injini nyingi za Lycoming zina kamshafti, mhimili unaofungua valvu, juu ya krenkshafti, mhimili unaozungusha rafadha. Ndege ikisimama, oili hujitiririkia chini na chuma cha kamshafti hubaki uchi. Bara yaweza kukaa hivyo wiki nyingi. Hapa, pua ikielekea bahari, siku chache zatosha kuanza vidoa. Siku ndege inapowashwa tena, kidoa kinakuwa msasa: kinakwangua kikombe cha valvu, vumbi la chuma linaingia kwenye oili, na ule mgongo wa kamshafti unaofungua valvu unalika hadi kuwa duara. Silinda hiyo haivuti hewa ya kutosha tena. Injini haizimi ghafla; inapungukiwa nguvu wiki hadi wiki, mpaka siku ya jua kali na abiria wanne inashindwa kupanda juu ya minazi.

Tajiri wa ndege husema, "Basi iwasheni dakika kumi kila Jumamosi isipate kutu." Dakika kumi chini ni mbaya kuliko kuiacha. Kuungua kwa petroli hutoa maji, maji huingia kwenye oili, na oili haikupata joto la kuyafukuza. Iruke mara moja kwa wiki, oili ifike nyuzi 80 hivi na ikae hapo angalau nusu saa. Isipowezekana, itiwe oili ya kuhifadhia na zile plagi maalumu zenye chembe za kunyonya unyevu.

Lycoming hupendekeza injini kama O-320 na O-360 zifunguliwe zote na kuundwa upya baada ya saa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia. Wenye ndege huzikumbuka saa, miaka huisahau. Tukiambiwa tuchague pa kupanda, tutapanda iliyoruka saa 1,800 kwa miaka minne, tuiache ile ya saa 600 kwa miaka 20 iliyolala kando ya mikoko.

Oili hubadilishwa kila saa 50 au kila miezi minne, na chujio haitupwi hivi hivi. Hukatwa, karatasi yake ikatandazwa kama mkeka na kukamuliwa, kisha sumaku ikapitishwa. Vinavyoruka kwenye sumaku ni chuma, vya kamshafti au silinda. Vinavyong'aa na kubaki ni aluminiamu, vya pistoni. Vipande vichache vya kuhesabika huandikwa na kufuatiliwa. Vikijaza kijiko cha chai, ndege haitoki. Kwenye ukaguzi wa saa 100 kila silinda husukumiwa hewa ya shinikizo la pauni 80 kwa inchi ya mraba na kupimwa inabakiza ngapi. Ikivuja, sikiliza: ikilia kwenye bomba la moshi, valvu ya moshi haifungi, ikilia kwenye mdomo wa kutilia oili, ringi zimechoka. Na injini inayotetemeka dakika ya kwanza asubuhi kisha ikatulia, msimwambie mtu ni baridi. Mombasa hakuna baridi hiyo. Ni valvu inayokwama, nayo siku moja itakwama moja kwa moja.

Umeme tuupite haraka. Betri ikifa angani injini haizimi, hivyo wale wanaosema "betri ilikufa, ndege ikaanguka" waache. Plagi huwashwa na magneto mbili, vijitambo vinavyozalisha umeme wa cheche kwa kuzungushwa na injini yenyewe, zisizotegemea betri, na kila silinda ina plagi mbili. Kabla ya kupaa, rubani wa 172N hupandisha mizunguko hadi 1,700 kwa dakika na kuzima magneto moja moja. Upungufu usipite 125, na tofauti kati ya mbili isipite 50. Upande mmoja usipopungua hata kidogo si heri, ni waya wa kuizima uliokatika.

Injini ikizima, ndege haianguki kama nazi. Cessna 172 ikishikwa kwenye noti 65, yaani kama kilomita 120 kwa saa, huelea kwa utulivu karibu maili moja na nusu ya baharini kwa kila futi 1,000 za urefu. Tuchukue rubani anayetoka Ukunda kuja Port Reitz, safari ya kilomita 30 hivi, kwenye futi 3,000. Injini ikizima juu ya Waa ana kilomita 8 za kuelea na dakika nne. Viwanja vyote viwili viko mbali kuliko hapo. Aache kuviota, atafute shamba la mihogo lisilo na minazi, upepo ukimkabili usoni. Kwa mpangilio: pua ishuke mara moja, noti 65; mahali pachaguliwe; kisha koki ya matangi (ile ya kuchagua tangi), hewa moto, mchanganyiko, magneto; kisha redio. Karibu na kugusa, petroli ifungwe, umeme uzimwe, milango ifunguliwe kidogo isije ikajibana.

Ufuo wa Nyali na Bamburi huonekana kutoka juu kama njia ya bure. Maji yakipwa, mchanga wenye unyevu huwa mgumu na waweza kubeba magurudumu. Siku za bamvua maji yakijaa hakuna ufuo, kuna ukuta wa hoteli na mawimbi. Na yakiwa yamepwa, ufuo una watu, ngamia na watoto wanaocheza mpira. Baharini karibu na ufuo ni afadhali mara nyingi, ila magurudumu yasiyokunjika hunasa maji na ndege huweza kupinduka. Koti la kuelea livaliwe kabla. Lisijazwe upepo hadi mtu awe nje, la sivyo litambana darini mwa ndege iliyopinduka.

Kinachoua zaidi ni injini kuzima mara tu baada ya kupaa. Mbele ni mabati ya Magongo, au upande wa pili maji na mikoko ya ghuba, na nyuma iko njia safi ya lami. Rubani hugeuka. Kugeuka huko si nyuzi 180. Ni zaidi ya 200 ili kuirudia njia, kisha arudi tena kujipanga nayo. Akiinamisha bawa kwa nyuzi 45, kasi ambayo mbawa huacha kuibeba ndege hupanda karibu asilimia 19: iliyokuwa noti 50 ni karibu 60 sasa, na yeye anavuta pua juu kwa hofu ya ardhi. Bawa la ndani linaachia. Kutoka futi 400 hakuna muda wa kulirudisha. Aende mbele, kulia kidogo au kushoto kidogo, achague kilicho laini.

Kwa wakazi walio chini ya njia hizo, na Malindi pale Kwachocha watu waliokuwa chini waliuawa na ndege ndogo iliyoanguka Januari 2025: waliomo watolewe kwanza, hilo halina mjadala. Sigara na jiko viwe mbali, petroli ya bawa huvuja bila kelele. Msipite mbele ya rafadha hata ikiwa imesimama, yaweza kuzunguka nusu mzunguko na kukata mkono. Baada ya hapo msiguse kitu. Koki ya matangi ilielekea wapi, kijiti cha hewa moto kilikuwa ndani au nje, kijiti chekundu kilisukumwa kiasi gani: kijana mmoja akiingia kutafuta simu na kuvigonga, amewafutia wachunguzi ukurasa mzima. Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, iliyo chini ya wizara ya uchukuzi, kwa kanuni za kimataifa haitafuti wa kulaumiwa, hutafuta sababu. Bila vijiti hivyo inabaki na mabati.

Nanyi wa magazeti, mkifika, pamoja na kuuliza abiria walikuwa wangapi, ulizeni injini ilikuwa na saa ngapi na miaka mingapi tangu iundwe upya, ndege ilikuwa imelala siku ngapi, ilijazwa wapi na nani. Na mpiga picha wenu, badala ya mkia wenye namba, apige rafadha kwa karibu, vipande vyote viwili. Vikiwa vimepindika kama herufi S na vimekwaruzwa kwa upana, injini ilikuwa ikivuta ilipogonga. Kimoja kikiwa kimekunjwa nyuma na kingine kimenyooka, ilikuwa imesimama au karibu kusimama.

Mafundi wa ndege ndogo,
Port Reitz, Mombasa